UZI: Mtoto anakula, anapewa chakula tiba, uzito haupandi. Je, sumu ya maji ya kijani inahusika?

#1 Nesi wa Zamu
Wakuu, habari zenu. Nina swali ambalo limenikaa kichwani kwa miezi sasa.

Nafanya kazi kliniki ya watoto. Utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 tunajua ni utapiamlo mkali, mtoto anaanzishiwa chakula tiba na kila wiki anapandishwa kwenye mizani. Wengi wanapanda vizuri. Wapo wachache ambao wiki inakuja, wiki inapita, mshale uko palepale. Tumepima malaria, tumetoa dawa ya minyoo, VVU hakuna, kifua kikuu hakuna. Mama anaapa kuwa mtoto anamaliza pakiti zake, na mimi namwamini, kwa sababu aliniletea pakiti tupu zote ndani ya mfuko, zimekunjwa moja moja.

Mwezi uliopita mama huyo alikuja na chupa ya maji ya mtoto. Niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Juu umekaa utando wa kijani, chini yake chembechembe kama majani yaliyosagwa. Nikamtazama. Akaniambia, "Nimeyachemsha nesi, usiwe na wasiwasi."

Nimekuwa nikisoma tangu siku ile. Maji ya namna hiyo yanaweza kuwa na sumu iitwayo mikrosistini, na sumu hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini ndilo linalotengeneza albumini, protini ya damu, na ndilo linalotoa IGF-1, homoni inayourefusha mfupa. Sisi tunapima kila gramu ya chakula kinachoingia kwa mtoto, lakini sumu inayoingia na maji hatuiulizi kabisa. Kuna tafiti zilizounganisha hivi vitu viwili? Mwenye kujua atufungue.

#2 Kando ya Njia
Nipo, nafuatilia. Swali zito hili.

#3 Darubini
Dada Nesi, asante kwa uzi. Mimi ni wa maabara ya maji, kazi yangu ni kuchungulia matone kutwa nzima.

Kwanza tuweke jina sawa. Watu wengi wanaita "mwani", hata sisi kazini tunateleza, lakini hao ni bakteria: sianobakteria. Wanatumia mwanga wa jua kama mimea na ndio walioanza kuijaza hewa ya dunia oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Ukiweka Microcystis, mmoja wa hao sianobakteria, chini ya darubini unaona kama wingu lililotobolewatobolewa, vidoti maelfu vimeshikana kwa ute. Ndani ya kila kidoti kuna vifuko vya hewa, ndiyo maana wanaelea na kujikusanya juu asubuhi maji yakiwa yametulia.

Pili, si kila kijani ni sumu. Hata ndani ya aina moja, wapo wenye jeni za kutengeneza mikrosistini na wapo wasio nazo, na kwa darubini huwezi kuwatofautisha. Kwa hiyo chupa ya huyo mama inatisha, ila kwa kuitazama tu haituambii kitu cha uhakika.

#4 Mzee Hoja
Mimi nitakuwa mkweli. Njaa ni njaa. Mwaka 2022 watoto wenye udumavu duniani walikadiriwa kuwa milioni 148. Wote hao wanakunywa maji ya kijani? Wengi wao hawajawahi hata kuona ziwa. Mtoto anayelishwa uji mwepesi mara mbili kwa siku hahitaji sumu ili adumae. Tusije tukawapa watu sababu ya kuacha kuzungumzia chakula.

#5 Pwani Moja
Mzee Hoja kila uzi wewe ni "njaa ni njaa", hata ule wa meno 😀

Ila jamani watoto wameshaumwa na hizi sumu na imeandikwa. Palm Island, Australia, mwaka 1979: watu 148 waliugua, 138 kati yao watoto. Ini limevimba, wanatapika, mkojo una damu. Mikrosistini hiyohiyo.

#6 Darubini
@Pwani Moja tukio ni sahihi, sumu siyo. Ya Palm Island ni silindrospemopsini, kutoka kwa Cylindrospermopsis raciborskii (sikuhizi anaitwa Raphidiopsis). Hiyo inazuia seli kutengeneza protini. Mikrosistini inafanya kazi nyingine: inafunga vimeng'enya viitwavyo fosfatasi, PP1 na PP2A, mpaka kiunzi cha ndani cha seli ya ini kinaporomoka.

Na kuna jambo la kujifunza pale. Watu walilalamika maji ya bwawa yananuka na hayana ladha nzuri, basi likamwagwa salfeti ya shaba ili kuua "mwani". Seli zikapasuka zote kwa mpigo, sumu iliyokuwa ndani ikatoka ikaingia kwenye maji. Watoto wakaanza kuugua siku chache baadaye.

#7 Pwani Moja
Nimekubali, nimesahihishwa. Asante.

#8 Mama Pacha
Hapo kwenye seli kupasuka ndipo moyo umenishtuka. Ina maana kuchemsha nako kunapasua?

#9 Darubini
Ndiyo, dada yangu. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na kuhara, na kwa hilo kuendelee. Lakini mikrosistini haivunjiki kwa moto wa jikoni. Seli zinapasuka, sumu inatoka, maji yanapungua kwa mvuke, kinachobaki kwenye sufuria ni sumu ileile ndani ya maji machache zaidi. Agosti 2014 jiji la Toledo kule Marekani, linalotegemea Ziwa Erie, lilikuta mikrosistini kwenye maji ya bomba. Watu zaidi ya laki nne waliambiwa wasinywe, na tangazo lilisema wazi: msichemshe.

#10 Mama Pacha
Ee Mungu wangu. Nimewachemshia wanangu miaka miwili.

#11 Nesi wa Zamu
@Mama Pacha usijilaumu hata kidogo, umefanya tulichokufundisha sisi. Somo la kuchemsha tunalitoa kila asubuhi pale kwenye benchi, na neno juu ya kijani halimo. Wanao wana hali gani?

#12 Mama Pacha
Ni wawili, mmoja wa kiume mmoja wa kike. Sahani moja, ndoo moja ya maji, kitanda kimoja. Wa kike anakua vizuri, kadi yake iko kwenye kijani. Wa kiume amekuwa chini ya mstari tangu alipoanza kula. Alipofika mwaka na nusu miguu ilivimba, nywele zikawa nyekundu na nyepesi. Kliniki fulani niliambiwa mbele ya watu kwamba nambagua mtoto, nalisha mmoja na kumnyima mwingine. Sijasahau mpaka leo.

Ndiyo maana nauliza kwa uchungu: kama ni maji, mbona mmoja tu?

#13 Kitabu Wazi
Pole sana Mama Pacha. Swali lako ndilo lililowasumbua wanasayansi wenyewe. Malawi walifuatilia mapacha waliokula chungu kimoja, mmoja anapata kwashakoo mwenzake hapati. Matokeo yalichapishwa 2013, kazi ya kundi la Jeffrey Gordon. Walichukua vijidudu vya tumboni vya mapacha wakavipandikiza kwa panya. Panya waliopewa vijidudu vya pacha mgonjwa na kulishwa mlo wa kimalawi walikonda vibaya. Kwa hiyo maelezo yao ni kwamba tumbo la kila mtoto lina jamii yake ya vijidudu, na hiyo inabadilisha yote.

Aliyekusema hivyo mbele ya watu alikukosea.

#14 Mzee Hoja
Na mimi kwa hilo namwomba Mama Pacha msamaha kwa niaba ya watu wazima. Hakuna mama anayebagua pacha.

Ila oneni: hata hapo, sumu ya maji haijatajwa.

#15 Kitabu Wazi
Mzee ngoja nikuonyeshe njia inayopita katikati.

Kwashakoo ilielezwa na daktari Cicely Williams mwaka 1933 akiwa Gold Coast, Ghana ya leo. Jina ni la lugha ya Ga ya hukohuko, ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa mwenzake akizaliwa. Miaka mingi ikaaminika ni upungufu wa protini tu. Halafu mwaka 1982 Hendrickse na wenzake wakakuta aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, kwa watoto wa Sudan wenye kwashakoo. Wakauliza: je, ini la hawa watoto limetiwa sumu? Baadaye mtafiti Golden akaja na hoja kwamba mwili wao umeishiwa kinga dhidi ya chembe haribifu, hasa glutathioni, ambayo kweli kwa watoto wa kwashakoo huwa chini sana.

Sasa unganisha: glutathioni hiyohiyo ndiyo ini linayoitumia kuifunga mikrosistini na kuitoa nje. Mtoto aliyeishiwa glutathioni akipewa kiwango kidogo cha sumu, hana cha kujikingia. Mwenzake mwenye akiba anaitoa na maisha yanaendelea. Ndoo moja, watoto wawili, matokeo mawili. Sisemi imethibitishwa kwa watoto, nasema utaratibu wake wa kikemia unaeleweka.

#16 Ganda la Mchele
@Kitabu Wazi hiyo ya Golden ilijaribiwa ikaanguka. Malawi, 2005, watoto zaidi ya 2,300 walipewa unga wenye viambato vya kuongeza kinga hiyo, ikiwemo N-asetilisisteini ya kusaidia mwili kutengeneza glutathioni. Kwashakoo haikupungua. Tusichukue nusu ya hadithi.

#17 Kitabu Wazi
Ni kweli, ilianguka kama kinga ya kwashakoo. Lakini kuwa glutathioni iko chini kwa hao watoto hakukuanguka, hilo limepimwa mara nyingi. Hata hivyo nakubali, ulichosema kinapunguza nguvu ya hoja yangu.

#18 Mhesabu
Salaam wote. Naona hakuna aliyegusa viwango, na hapo ndipo mtoto anaposahaulika. Nipeni dakika.

WHO inasema mikrosistini kwenye maji ya kunywa isizidi mikrogramu 1 kwa lita kwa anayeyanywa maisha yake yote. Namba hiyo imetoka wapi? Panya walipewa sumu kwa wiki 13. Mikrogramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku haikuonyesha madhara. Ikagawanywa kwa 1,000 kwa tahadhari: inabaki 0.04. Kisha wakaweka mtu wa kilo 60 anayekunywa lita 2, na asilimia 80 ya sumu yake inatoka kwenye maji:

0.04 × 60 × 0.8 ÷ 2 = 0.96, ikawa 1.

Sasa ondoa huyo mtu wa kilo 60. Weka mtoto wa kilo 10 anayekunywa lita 1:

0.04 × 10 × 0.8 ÷ 1 = 0.32.

Weka kichanga wa kilo 5 anayekorogewa maziwa ya kopo kwa robo tatu ya lita: inashuka hadi 0.21 hivi. Yaani maji yanayokubalika kwa baba yake yanaweza kuwa na sumu karibu mara tano ya kiwango kinachomfaa yeye. Na huyo ni mtoto mwenye afya! Hesabu haina mahali pa kuandika "ini lake limejaa mafuta kwa utapiamlo".

#19 Ganda la Mchele
Hesabu safi. Niongeze tu kwamba wakubwa waliliona hilo. Marekani 2015 waliweka 0.3 kwa watoto chini ya miaka 6 na 1.6 kwa wengine, kwa siku kumi. WHO ilipofanya marekebisho 2020 iliweka 12 kwa muda mfupi, lakini ikashauri watoto wa chupa watafutiwe maji mengine yakizidi 3.

#20 Nesi wa Zamu
Mhesabu hapo umenikamata. Mtoto wa miezi 18 mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na kilo 6.5. Na chakula tiba kinakausha kinywa, tunamwambia mama ampe maji mara kwa mara. Yaani ndipo anapokunywa zaidi.

#21 Kando ya Njia
Hii ya mwisho hakuna mtu aliyeifikiria, nadhani. Endeleeni.

#22 Mzee Hoja
Mimi sipingi kemia. Napinga kurukia. Leteni ramani.

Utafiti wa afya ya jamii Tanzania wa 2022: udumavu wa juu kabisa ni Iringa, asilimia 56.9, halafu Njombe, 50.4. Nchi nzima ni 30. Iringa na Njombe ni nyanda za juu, watu wanateka chemchemi na mito ya milimani. Ukienda mikoa ya kando ya Ziwa Victoria, ambako kijani kinaonekana kwa macho, udumavu uko chini ya hapo. Kama sumu hii ndiyo mchawi, mbona anaroga mlimani?

#23 Pwani Moja
Mzee leo umekuja na silaha kamili 😅

#24 Kitabu Wazi
Ramani ya Mzee ni hoja kubwa na sitaipuuza. Lakini udumavu una milango mingi. Kwenye mahindi kuna fumonisini, sumu nyingine ya ukungu, na utafiti wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro uliochapishwa 2015 uliwafuatilia watoto 166, ukakuta wenye fumonisini nyingi kwenye mkojo walikuwa wafupi zaidi. Mlimani mlango ni mwingine, ziwani ni mwingine. Uzi wa Nesi hausemi watoto wote. Unauliza juu ya wale wachache ambao mshale umekataa kusogea.

#25 Ganda la Mchele
Na tusisahau choo na mikono. Kuna maelezo kwamba utumbo wa mtoto anayekula vinyesi kila siku unavimba taratibu bila kuhara, vidole vya utumbo vinafupika, chakula kinapita bila kufyonzwa. Wengi waliamini hilo lingemaliza ubishi.

#26 Mzee Hoja
Likajaribiwa Kenya na Bangladesh, majibu 2018. Zimbabwe 2019. Vyoo vikajengwa, sabuni ikagawiwa, klorini ikatiwa kwenye maji. Urefu wa watoto haukubadilika. Kilichobadilisha, japo kidogo, ni chakula cha nyongeza. Sasa nani yuko karibu na ukweli, mimi au nyinyi?

#27 Darubini
Mzee, klorini ile iliwekwa kwa ajili ya vijidudu. Mikrosistini nayo klorini inaiharibu, lakini kwa masharti: pH, kipimo cha ukali wa maji kati ya asidi na alkali, iwe chini ya 8, klorini huru ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita, isubiri nusu saa. Na maji yenye kijani kingi pH yake hupanda kupita hapo mchana, kwa sababu hao wadudu wanamaliza kaboni dioksidi. Kingine, ukiitia klorini kwenye seli nzima, unazipasua kwanza. Kwa hiyo majaribio yale hayakuwa jaribio la sumu hii.

#28 Mzee Hoja
Na vijiji vile vya magharibi ya Kenya wengi hutumia chemchemi. Kwa hiyo hawakuwa na kijani, na bado walidumaa. Hoja inakata pande zote mbili, Darubini.

#29 Darubini
Inakata. Nimeipokea.

#30 Mwana wa Wavuvi
Habari wakubwa. Mimi sina elimu hiyo ila nimekulia juu ya mtumbwi. Msimu wa kijani ulikuwa unatuwasha ngozi, macho mekundu, mikono ina vipele mpaka kwenye kiwiko pale maji yanapoishia. Baba alikuwa anapasua ule utando kwa kasia, anausukuma pembeni, ndipo anachota ya chini. Alikuwa anasema "ya juu ni ya ng'ombe". Halafu ng'ombe wa jirani alikufa asubuhi moja kwenye ukingo, pua yake kijani. Baba akaacha kusema hivyo.

Swali langu: na samaki je?

#31 Darubini
Baba yako alikuwa anafanya jambo la maana bila kufundishwa. Kifo cha mifugo ndicho kilichoanzisha sayansi hii: mwaka 1878 George Francis aliandika kuhusu ng'ombe, kondoo na farasi waliokufa baada ya kunywa maji ya Ziwa Alexandrina, Australia. Na Botswana mwaka 2020 walikufa tembo wapatao 350, serikali ikasema ni sianobakteria.

Samaki: sumu hukaa zaidi kwenye utumbo na ini kuliko kwenye nyama. Samaki mkubwa ukimpasua na kumsafisha unaitupa sehemu kubwa. Dagaa analiwa mzima. Watafiti wa Ghuba ya Nyanza upande wa Kenya walichapisha 2018 kwamba mikrosistini imo kwenye dagaa wazima wa pale. Na dagaa ndio tunaowasagia watoto kwenye uji, kwa sababu nzuri kabisa: protini na madini.

#32 Mama Pacha
Kwa hiyo na dagaa niache?

#33 Nesi wa Zamu
Hapana, usiache dagaa. Upungufu wa protini na madini ni hatari tunayoiona kila siku. Watoe vichwa na matumbo kabla ya kusaga, hicho unaweza kukifanya leo.

#34 Pwani Moja
Nitoke nje kidogo ya mada. Kuna unga wa kijani unauzwa kama dawa ya utapiamlo, spirulina. Si ndio haohao?

#35 Kitabu Wazi
Ndio haohao kwa ukoo, ni sianobakteria pia. Wakanembu wa Ziwa Chad wanaivuna tangu zamani na kuikausha juu ya mchanga, wanaiita dihé. Protini ni zaidi ya nusu ya uzito wake, na huko Burkina Faso watoto wenye utapiamlo waliwahi kupewa, matokeo yakatia moyo. Yenyewe haitengenezi mikrosistini kwa kawaida. Hatari ni inapovunwa pamoja na jamaa zake kwenye maji ya wazi. Marekani, jimbo la Oregon, walipima bidhaa 87 za ndugu yake mwingine anayevunwa ziwani, Aphanizomenon, wakakuta mikrosistini kwenye 85.

Na ile vitamini B12 inayosifiwa kwenye spirulina, sehemu kubwa ni ya bandia, mwili wa binadamu hauitumii. Kwa mtoto mgonjwa hilo si jambo dogo.

#36 Pwani Moja
85 kati ya 87! Naufunga mkebe wangu jikoni leo hii.

#37 Mhesabu
Turudi kwenye swali la Nesi, maana tumefika mpaka Oregon. Kuna utafiti wa watoto wenyewe na mikrosistini?

#38 Ganda la Mchele
Upo wa China, eneo la bwawa la Three Gorges, ulichapishwa 2011. Watoto 1,322 wa miaka 7 hadi 15. Waliokunywa maji yenye mikrosistini zaidi na kula samaki wa humo walionekana kuwa na vimeng'enya vya ini vilivyopanda kwenye damu, ishara kwamba ini linaumia. Walizingatia pia homa ya ini B na aflatoksini. Lakini walipima ini, si ukuaji, na ni watoto wakubwa, si wa miaka miwili.

Na Brazili, bwawa la Itaparica, 1988: lilipojazwa maji, watu kama 2,000 waliugua tumbo ndani ya siku 42 na 88 walikufa, wengi watoto. Waliokuwa wanachemsha nao waliugua.

#39 Kando ya Njia
Brazili si ndiyo ile ya Caruaru, waliokunywa wakafa zaidi ya hamsini?

#40 Ganda la Mchele
Hawakunywa. Caruaru, 1996, ilikuwa kituo cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Maji yenye mikrosistini yalipita kwenye mashine karibu kabisa na damu yao, vifo 52 vikahusishwa na sumu hiyo. Ndiyo iliyoiondoa shaka dunia kwamba mikrosistini inaua binadamu, lakini haituambii chochote kuhusu kikombe cha kila siku.

#41 Kitabu Wazi
Na hapo ndipo pengo lilipo, Nesi. Kwa aflatoksini tuna kipimo cha damu: inajishika kwenye albumini na inaonyesha alichokula mtoto miezi miwili mitatu iliyopita. Kwa kipimo hicho, Benin walifuatilia watoto 200 kwa miezi minane, wenye sumu nyingi wakawa nyuma kwa sentimita 1.7. Watoto wa shule Kenya, 2015, waliokuwa na aflatoksini zaidi walikuwa na IGF-1 kidogo. Kwa mikrosistini hakuna kipimo cha namna hiyo kilichozoeleka. Ukipima maji leo, unajua ya leo tu. Kesho upepo umegeuka, kijani kimehamia upande wa pili wa ghuba.

#42 Mzee Hoja
Na hiyo Kenya walikuja pia kujaribu kuondoa aflatoksini kwenye chakula cha watoto, 2018. Mwisho wa jaribio udumavu ulikuwa uleule. Uhusiano kwenye damu ni kitu kimoja, mtoto kurefuka ni kitu kingine.

Lakini Nesi, nataka ujue, nimesoma uzi huu mara mbili. Ile chupa uliyonyanyua dirishani nimeiona machoni kwangu. Ulifanya nayo nini?

#43 Nesi wa Zamu
Mzee asante. Nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Niliiweka friza ya kliniki. Kisha nikakaa na mama, tukakubaliana: maji ya mtoto yatoke kisima kirefu cha jirani, ndoo moja kila siku, ya mtoto peke yake. Amerudi mara mbili tangu hapo. Wiki ya kwanza gramu 80. Wiki ya pili gramu 220. Utepe umetoka nyekundu umeingia njano.

Lakini niseme yote. Wiki ileile ya kwanza nilimkuta sikio linatoa usaha, amepewa dawa kamili. Na bibi yake amehamia nyumbani, yeye ndiye anayemlisha sasa, mtoto hali peke yake tena.

#44 Mama Pacha
Bibi! Hapo pana dawa pia, nakwambia.

#45 Mzee Hoja
Sikio, bibi, kisima. Hata mimi siwezi kuchagua.

#46 Darubini
Nesi, ile chupa usiiyeyushe wala usiitikise. Kwa kuwa maji yalishachemshwa, seli zimepasuka na sumu kama ipo imo ndani ya maji yenyewe, friza inaitunza. Nitumie ujumbe wa faragha, nitaipima kwa ELISA, kipimo cha maabara cha kutafuta sumu hii. Ila hiyo ni chupa moja ya siku moja. Nahitaji na maji mabichi ya palepale wanapoteka, asubuhi na mchana, kwenye chupa ya kioo cheusi, usiijaze mpaka juu maana itapasuka ikiganda. Kama unaweza kupata kila wiki kwa msimu mzima, bora zaidi.

Kwa akina mama wanaosoma hapa: atakaye lazima kuteka ziwani, akwepe utando na ufukwe ambao upepo unausukumia, achote mbali na chini kidogo, apitishe kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa *kabla* ya kuchemsha. Bangladesh walitumia kitambaa cha sari hivyo, kipindupindu kikapungua kwa karibu nusu. Kitambaa kinazuia makundi ya seli yakiwa mazima, na sumu inatoka nayo. Iliyokwisha yeyuka majini kitambaa hakiizuii.

#47 Mwana wa Wavuvi
Kitambaa kabla ya moto. Nimempigia dada yangu sasa hivi.

#48 Nesi wa Zamu
Darubini nimekutumia ujumbe. Kuanzia Jumatatu daftari langu la mizani lina safu mpya mbili: *maji ya mtoto yanatoka wapi*, na *leo yana rangi gani*. Nimezichora kwa rula pembeni ya safu ya uzito.